Chafya Iliyongojwa Elburgon

Enzi zetu pale Elburgon hakuna mtoto aliyejua siku yake ya kuzaliwa, wala hakuna aliyeililia. Ukiuliza ulizaliwa lini, unaambiwa ni mwaka wa nzige, au ni wakati ule ghala la kiwanda cha mbao lilipoungua. Mimi ni wa nzige. Tulikua tukinukia mwerezi. Tuliteleza juu ya marundo ya maranda nyuma ya kiwanda mpaka nguo zikatoboka, tukarudi na ukungu jioni kula viazi vya kuchoma kwenye majivu na maziwa lala ya kibuyu. Mama alikuwa akitukung'uta nywele huku akisema, "Leo nimepikia watoto au mbao?" Vijana wa sasa wana keki na mishumaa kila mwaka, lakini waambie wateleze kwenye maranda, watakuuliza kwanza wataoga wapi.

Ndugu yangu mdogo alipozaliwa, mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Nyapara wa kiwanda alipita kambini kwetu akitangaza kwamba watoto wetu nao sasa waandikishwe vyeti vya kuzaliwa Nakuru, kabla ya muda wa serikali kwisha. Atakayechelewa atatafuta barua ya chifu na mashahidi, na faini juu yake. Wengi walicheka. Baba hakucheka. Yeye, akiwa kijana asiye na ndevu, karani wa kodi alimwinua mkono, akaona nywele kwapani, akasema huyu ni mtu mzima, alipe. Baba akaacha shule, akaenda kukata miti.

"Huyu wangu," alisema akimwonyesha mtoto, "hakuna atakayemsoma umri kwapani."

Shida ilikuwa jina. Kwetu Wakipsigis mtoto hapewi jina hivi hivi, hulikubali mwenyewe. Nyanya yetu, tuliyemwita Kogo, aliketi na akina mama, akamwekea mtoto ugoro kidogo karibu na pua, akaanza kuwaita wazee wa ukoo waliokufa, mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto angelipigia chafya ndilo lake; mzee huyo amerudi. Sisi wengine tulipiga chafya mapema. Huyu alipiga miayo. Kogo aliita mpaka sauti ikakauka, mtoto akalala.

"Wamekataa," alisema. "Tutangoja."

Akajaribu tena mvua zilipoanza, akajaribu mahindi yalipochanua. Hakuna kitu.

"Mama, serikali haingojei chafya," Baba alilalamika.

"Na wazee hawangojei serikali. Mbandike jina la kuokota, uone kama atanyamaza usiku."

Siku ya mwisho ikafika, mtoto bado hana jina. Tukapanda treni kwenda Nakuru: Baba, Mama na mtoto mgongoni, mimi, na Kogo na mkebe wake wa ugoro. Aliita wazee mpaka Njoro, abiria wakivunjika mbavu. "Nyanya, mwachie huyo mtoto pua yake!" mmoja akasema. Mwingine akadakia, "Hao wako wamelala. Jaribu babu yangu mimi!"

Karani wa ofisi ya kuandikisha alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe ya darizi, wa zile familia za Kiislamu zilizotoka pwani zamani zikakaa Nakuru.

"Jina la mtoto?"

Baba alimgeukia Kogo.

"Mzee, leo ndiyo mwisho. Kesho mimi sitaweza kukusaidia."

Kogo akafungua mkebe, akaanza tena kunong'ona, "Arap Chumo... Arap Sitienei..." Pumzi ikamwishia. Hapo upepo wa Nakuru, ule wenye vumbi jeupe la ziwani, ukasukuma mlango, na mtu akaita kutoka nje, "Bwana Omari! Chai!"

Mtoto akapiga chafya mpaka kofia yake ndogo ya sufu ikamtoka.

"Andika Omari," Kogo akasema.

"Mama! Huyo si wa ukoo wetu!"

"Nani amekuambia unawajua wote?"

Karani alivua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi. "Babu zangu wako Lamu, lakini kama mmoja amepita Elburgon, basi karibuni." Baba alitazama saa ya ukutani, akamtazama mtoto. "Andika," akasema. Ndivyo ndugu yangu, mwimbaji wa kwaya kanisani, alivyoitwa Omari. Alianza shule kwa wakati wake, na hakuna aliyewahi kumwinua mkono.

Mimi nimehamahama tangu hapo, Naivasha, Kisumu, Mombasa, na kila ofisi ikiniuliza tarehe ya kuzaliwa naipa ya kubuni. Mtoto wangu wa mwisho nilimzaa hospitalini pale Nakuru. Muuguzi aliuliza jina hata maziwa hayajatoka, nikampa moja nililolisikia redioni, zuri tu. Cheti kilitoka mapema, Baba angefurahi. Tulipotoka nje, vumbi lile lile jeupe liliinuka barabarani, na mtoto akapiga chafya.

Nikasimama, nikatega sikio. Hakuna aliyekuwa akiita jina.