Hela za Msimu

Baba ni dereva wa watalii. Msimu ukikolea hatumwoni; anapandisha wageni kreta kuona wanyama, anashuka, anapokea wengine. Masika yakianza loji zinafungwa, naye anakaa nyumbani bila mshahara, anakarabati banda la kuku ambalo halijaharibika.

Mwaka huu, mwezi wa pili, alirudi na tipu nono. Wageni wake walikuwa wazee wakarimu waliobahatika kumwona faru kwa karibu. Mama alitaka hela ikae, kwa ajili ya masika. Baba alitaka kuipeleka yote benki kupunguza mkopo wa nyumba, maana alisema ile riba inamkosesha usingizi. Walibishana polepole kwa Kichaga, wakidhani sielewi. Mwishowe, tukiwa mezani, baba akanigeukia.

"Wewe ndiye unayesoma hesabu za biashara. Tulipe au tuweke?"

Sikuwa nimepiga hesabu yoyote. Kichwani nilikuwa na msichana mmoja wa darasani kwetu. Alijua kwamba nyumba yetu ina mkopo, akasema mbele ya wenzetu kuwa kwetu hata kupigilia msumari wa kalenda lazima tuombe ruhusa benki. Walicheka mpaka mwalimu akaingia. Mimi sijui kujibizana na watu. Nilicheka nao.

"Tulipe," nikasema. Halafu nikaongeza kwamba riba itapungua, na tukishalipa marejesho ya mbele tutapumzika kulipa miezi ya mvua. Hilo la kupumzika nililitunga palepale, kwa sauti ya mwalimu. Mama alinitazama, akaacha kubisha. Yeye aliishia la saba. Mpaka leo linaniuma kwamba alininyamazia kwa sababu mimi nasoma.

Mvua zilipoanza, benki ikatuma ujumbe kwenye simu ya baba: rejesho la mwezi. Alienda kuuliza. Akaambiwa zile hela zimefupisha mkopo kule mwishoni; rejesho la kila mwezi liko palepale. Alirudi na matope mekundu hadi magotini, akatuambia tu kwamba miaka imepungua, akaingia kulala saa nane mchana.

Mama akaamua kukopa kwenye kikoba chake. Nilimsindikiza nikiwa nimebeba chupa za chai. Pale, anayekopa anasimama na kutaja sababu, wenzake ndio waridhie. Kabla ya siku hiyo mama hakuwahi kusimama hata mara moja. Yeye ndiye aliyekuwa akiwabana wengine kwa maswali.

"Rejesho la nyumba," akasema.

"Jamani," akadakia jirani yetu mmoja, "kama Mchaga kaishiwa, sisi wengine tutapona?"

Wakaangua kicheko, na mama naye akacheka. Mwenyekiti wao, mama mmoja mtu mzima wa Endamarariek, alisubiri watulie ndipo akamuuliza taratibu, "Si ulituambia hela za msimu mmezipeleka benki zote? Nani aliwashauri hivyo na masika yako mlangoni?"

"Ni mimi," mama akasema. "Nilimsukuma mume wangu. Kosa ni langu."

Nilikuwa namimina chai hatua chache tu kutoka aliposimama. Ningeweza kusema. Badala yake niliuliza ni nani hajapata sukari.

Walimpa. Tukarudi nyumbani tukiongelea bei ya vitunguu.

Sasa wageni wamerudi, na jana baba alikuja tena na tipu. Akaniuliza tena, kwa moyo mweupe kabisa, tulipe au tuweke.

"Muulize mama," nikasema.

Baba akacheka, akamwambia mama kwamba binti yao amekua, ana adabu. Mama alikuwa anachambua mchicha, hakuinua kichwa.

"Tukisharudisha ya kikoba," akasema, "inayobaki ikae."

Hakuna aliyembishia. Mimi nikakusanya vyombo nikatoka navyo nje kuviosha, ingawa vilikuwa safi.