Mstari Kati ya Mboga na Nyumba

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa brigedi, yaani kikosi cha wapimaji, alinikuta nimekaa ofisini na viatu vipya, nikingoja kuonyeshwa mashine ya kuandikia. Wanawake walioingia kadastre, idara ya kupima ardhi, zamani zile walipelekwa kwenye mashine hizo. Lakini mimi nilikuwa nimesomea kupima ardhi, na asubuhi ile baba yangu, fundi cherehani wa Kimaniema katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, alikuwa ameniombea dua na kuniambia nisikubali kazi ambayo sikuisomea.

"Weye njo Zaina?" shefu aliuliza.

"Njo miye, Shefu."

"Ulisomea kupima?"

"Ndiyo, Shefu."

"Sasa iko unangojea nini mu kivuli?"

Akanipa jaloni, ile fimbo ndefu yenye rangi nyekundu na nyeupe ambayo mpimaji mmoja huisimamisha mbali ili mwenzake alenge mstari kwa jicho. Tukapanda kamionete mpaka pembeni mwa mji. Kabla ya saa sita viatu vyangu vilikuwa vimekwisha rangi kwa udongo mwekundu. Kilichonishangaza si kazi yenyewe, bali kwamba shefu hakufungua chombo hata kimoja mpaka alipopiga hodi kwa majirani wote.

"Bulongo haipiganake," aliniambia tukiwa njiani kurudi, akionyesha udongo kwenye viatu vyangu. "Bantu njo banapiganaka. Uanze na bantu."

Alinifundisha vilevile kwamba kuweka borne, yaani vijiwe vya zege vinavyoonyesha mpaka, ni kazi ya kushuhudiwa. Majirani wa pande zote wanasimama pale, wanaona, wanabishana ikibidi, halafu ndipo jiwe linaingia chini. Kwa Kifaransa tuliita *bornage contradictoire*. Jiwe lililowekwa jirani asipokuwepo, alisema, litang'olewa jua likizama.

Baadaye nilipelekwa Likasi, chini ya konservata wa hati za ardhi, mzee mkali asiyependa mwanamke avae suruali. Nilivaa suruali, kwa sababu kichaka hakiulizi. Alininunia mwaka mzima, kisha akaanza kunituma pale ambapo wengine walishindwa. Nilirudi Lubumbashi nikiwa shefu wa brigedi mimi mwenyewe, na eneo langu lilikuwa Annexe, komini ya pembezoni mwa mji.

Ninyi vijana mnaoiona Annexe leo, nyumba baada ya nyumba, hamwezi kujua ilivyokuwa. Kulikuwa na mashamba ya mihindi, matanuru ya makaa, vichuguu virefu kuliko mtu. Mji ulikuja kwa haraka. Machimbo yalipanuka, watu wakaondolewa karibu na mashimo, wengine wakatoka mikoa ya mbali kutafuta kazi. Wote walihitaji pa kulala. Na kila mahali walipopataka, palikuwa tayari na mtu.

Ugomvi ninaotaka kuwaeleza ulikuwa wa dembo moja. Dembo ni bonde lenye maji chini yake, ambapo udongo mweusi hubaki na unyevu chini hata mwezi wa nane. Wanawake walikuwa wakilima pale lengalenga, vitunguu na kabichi tangu mama zao. Msemaji wao alikuwa Mama Kalenga, mjane mfupi mwenye sauti ya taratibu. Mboga zake ndizo zilizosomesha watoto wake.

Shefu wa ukoo wenye ardhi ile alipofariki, mpwa wake alikata dembo vipande akaviuza kwa familia zilizoondolewa karibu na mgodi. Aliwauzia wakati wa kiangazi, juu pamekauka, akawaambia ni uwanja usio na mwenyewe. Kisha akahama mji. Kiongozi wa familia hizo alikuwa Baba Ilunga, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa ameshavunjiwa nyumba mara moja na aliapa kwamba hatavunjiwa tena.

Kwa hiyo msiniulize nani alikuwa na haki. Wote wawili walikuwa nayo. Mwizi alikuwa ameshakwenda zake.

Shefu wa divisheni, mkuu wangu wa wakati ule, aliniamuru niweke borne za viwanja. Familia zilikuwa zinalala chini ya maturubai na wakubwa walikuwa wanamsukuma. Tulipofika, wanawake walikuwa wameketi kwenye mstari wenyewe, miguu wameinyoosha, majembe mapajani. Baba Ilunga na vijana wake walikuja na mapanga upande wa pili.

"Mama Jiometa," Mama Kalenga aliniambia, maana mpimaji kwetu huitwa jiometa, "pima. Lakini hii jiwe utaiweka juu yangu."

"Siye tutaenda wapi?" Baba Ilunga akapaza sauti. "Kule banatufukuza, huku banatufukuza. Siye hatuko bantu?"

Kijana mmoja akamshika mwanamke mkono ili amwinue. Jembe likainuka, likashuka, na mkono wa kijana ukapasuka kuanzia kiganja hadi kifundo. Damu ilimwagika juu ya kabichi. Nilijitupa katikati yao na jaloni nimeishika kwa mikono miwili, nikaikingamisha mbele ya vifua vyao kama kizuizi, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Sikujua nasema nini. Walirudi nyuma hatua chache. Tulimpeleka kijana hospitali kwa kamionete yetu, na yule mwanamke aliyemkata akapanda naye, analia, amemfunga jeraha kwa kitenge chake.

Kesho yake shefu wa divisheni alikuwa amekasirika.

"Utarudi na polisi," alisema.

"Hapana, Shefu. Jirani moja akikataa, bornage haiko. Njo sheria yetu."

"Unanifundisha sheria?"

"Ninaomba tungojee mvua. Halafu weye mwenyewe utakuja kuona."

Alikuwa mtu mwenye hofu kuliko ubaya, na nilijua anaweza kunihamisha kwa neno moja. Mwishoni akasema, "Mvua ya kwanza tu."

Nilizitumia wiki zile kwenda kule kila asubuhi. Nilikula bukari, ugali wetu, kwa Mama Kalenga, nikala bukari kwa Baba Ilunga. Kila mmoja aliniuliza yule mwingine anasema nini juu yake, nami nilijibu kila mmoja kwamba mwenzake ameniuliza hivyohivyo.

Mvua ilipokuja, ilikuja kwa hasira. Tulikwenda na shefu wa divisheni, naye akashuka garini na viatu vya ofisi. Pale palipoitwa kiwanja, maji yalimfika magotini. Ukuta wa matofali mabichi ambao Baba Ilunga aliusimamisha wakati wa kungojea ulikuwa umelala chini, na mkewe alikuwa ameketi juu ya meza pamoja na watoto. Wanawake wa mboga ndio waliokuwa wakiwabeba wadogo mgongoni kuwatoa. Mama Kalenga alipita karibu nasi na mtoto wa Ilunga, akamwamkia shefu, akaendelea na njia yake.

Shefu wa divisheni alirudi garini, akamwaga maji yaliyojaa viatuni.

"Hapa nyumba haiwezi," alisema. "Lakini nibapeleke wapi?"

Nilikuwa nalijua jibu, na nilikuwa nimelibeba wiki zote zile kama jiwe. Juu ya bonde palikuwa na uwanja wa serikali, mkavu, karibu na barabara. Ulikuwa umetengwa ugawiwe wafanyakazi wa idara yetu. Kila mmoja wetu alikuwa ameshaahidiwa kiwanja pale, na mimi changu kilikuwa kwenye pembe yenye mti wa muputu. Nilikuwa nakaa nyumba ya kupanga mimi na watoto wangu, na mara nyingi nilipita pale baada ya kazi, nikapima kwa macho wapi pataingia jiko, wapi watoto watalala.

"Kule juu," nilisema.

Alielewa mara moja. "Kule ni kwenu."

"Hatujajenga bado."

"Na yako pia?"

"Na yangu pia, Shefu. Siwezi kuomba ya bengine na kuficha yangu."

Haikuwa rahisi kama ninavyoieleza. Wenzangu walinipinga, na haki walikuwa nayo. Mishahara ilichelewa, na kiwanja kilikuwa matumaini yao ya pekee. Mmoja, tuliyeanza kazi pamoja, hakunisalimia tena mpaka alipostaafu. Nilikwenda kwa kila mmoja nyumbani kwake, nikaketi, nikatukanwa, nikarudi tena. Baadhi walikubali. Wengine walipewa viwanja mbali sana, wakanilaani. Shefu wa divisheni aliweka sahihi, kisha akahamishwa, na sijui kama ilikuwa kwa ajili ile.

Siku ya kuweka borne kule juu, na siku ya kuweka borne za kulizunguka dembo ili lisijengwe, pande zote mbili zilisimama na kushuhudia. Yule kijana wa mkono uliokatwa alishika jaloni kwa mkono wake mzima. Familia chache hazikutaka kuhamia kule juu. Ziliuza mabati yao na kwenda kwingine. Chini kabisa ya bonde, kipande cha dembo kilikuwa kimeshajengwa, na hakikurudi. Lakini sehemu kubwa ilibaki mboga.

Nilistaafu bado nikiwa mpangaji, huku huku komini ya Kenya nilikozaliwa. Watu huniuliza ninyi wapimaji mnawezaje kumaliza ugomvi wa ardhi katika mji unaokua hivi. Hatuumalizi. Mwaka huu unauzima hapa, mwaka ujao unawaka pale, na unaamka asubuhi kuurudia. Anayekuja ni mtu, na aliyekuwepo ni mtu. Mpimaji anayemwona mmoja tu atabeba mawe yake maisha yote na hakuna litakalokaa.

Juzi mwanangu mkubwa alirushiana maneno na mwenye nyumba wetu. Alirudi amechoka, akaniambia, "Mama, leo tungekuwa na kwetu."

Sikubishana naye. Jumapili nilimchukua, tukapanda basi, tukashuka kule juu. Hakuwa amewahi kufika. Ni mtaa kamili sasa, una shule, una kinu cha kusaga, nguo zimeanikwa kila ua. Kwenye pembe niliyokuwa nimeahidiwa alikuwepo mwanamke kijana anapepeta unga, mtoto amelala mgongoni. Alituona tumesimama tunaangalia huku na huku.

"Jambo yenu," alisema. "Munatafuta parsele ya kujenga?"

"Jambo, mama," nilijibu. "Tunaangalia tu."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hapa fasi haiko tena, mama. Ilijaa zamani. Muende mbele."

Mwanangu alifungua kinywa kumwambia mimi ni nani. Nilimshika mkono, nikamshukuru yule mama, tukaenda mbele.