Siku Tuliyoingoja Ndege Bonga

Moshi wa nyasi kavu, ukiwa bado mbali, una utamu fulani kama wa mahindi ya kuchoma, na ndiyo maana asubuhi ile kule Bonga hakuna aliyeshtuka. Kila kiangazi watu walichoma mlima ili mvua ikinyesha ng'ombe wapate majani mabichi, na moto ulijifia wenyewe kwenye mawe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, maduka ya Babati yakiwa na rafu tupu na sisi tukifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Mahindi yetu yalikuwa yamevunwa siku nyingi, lakini yalikuwa bado yamerundikwa shambani, kwa sababu magunia hayakupatikana na trekta la kijiji halikuwa na dizeli. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama alituambia, mimi na dada yangu Paskalina, kwamba rundo lile ndilo litakalotubakiza shuleni sote wawili.

Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, nalisema bila haya kwa kuwa ni kweli. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na tayari watu wazima walinipa barua zao niwasomee, hata gazeti la mwezi uliopita lililofungiwa chumvi. Waliniita mwalimu. Nilichosema kilisikilizwa.

Adhuhuri upepo uligeuka na moto ukashuka. Watu wa pande zote za Bonga walifika na majembe na matawi mabichi, wakalima ukanda mtupu wa hatua tano kuzunguka mashamba, kisha wakajipanga kando yake wakipiga kila cheche iliyovuka. Joto lilikausha macho. Mama alikuwa katikati ya mstari, khanga kiunoni, akipiga bila kupumzika. Jirani yetu Baba Amsi, aliyependa utani hata msibani, alimwambia, "Mama Paskalina, ukipiga hivyo hata jehanamu itazimika." Mama akamjibu bila kugeuka, "Na wewe acha kuota moto, piga." Ukanda ulikuwa unashika. Hilo nina hakika nalo.

Ndipo ndege ilipotokea. Ilikuwa ndogo, ya manjano, ya zile zilizonyunyizia dawa kweleakwelea, vindege waliokuwa wakimaliza mtama. Iliinama ubawa mmoja, ikazunguka juu ya moshi mara mbili. Watu waliniangalia. Nikawaambia kwa sauti ya darasani kwamba ndege ile ina tangi, na kwamba serikali imeituma kumwaga maji. Sikuwa nimelisoma popote. Nililitunga palepale kwa sababu niliangaliwa, na mwalimu hasemi sijui. Khanga zikapepea, vijana wakapiga miluzi, na matawi yakashushwa chini, moja baada ya jingine. Nilimwona Mama akishusha lake. Ndege ikanyooka, ikaelekea upande wa Arusha, na hatukuisikia tena. Walipoinua matawi moto ulikuwa umeruka ukanda sehemu tatu. Rundo letu liliungua mpaka giza lilipoingia, likipasuka kama bisi, na hapakuwa na mtu aliyeweza kulikaribia.

Baada ya wiki mbili Paskalina alipandishwa lori kwenda Arusha kufanya kazi za ndani. Alikuwa darasa la saba, amebakiza mtihani tu. Mimi nilibaki shule, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na kichwa.

Kichwa hicho nimekitumia. Nina stashahada ya misitu, nimefanya kazi nje ya nchi miaka kumi na minne, na nimeona kwa macho yangu ndege zikichota maji ziwani na kuyamwaga juu ya moto. Nimerudi, nimejenga Maisaka, hapa Babati mjini, nyumba ya vyumba vinne kwa jasho langu mwenyewe, na kiangazi vijana wa mtaa huja kuniuliza namna ya kukinga mashamba yao. Nawafundisha vizuri kuliko mtu yeyote mjini hapa. Mama anaishi nami. Mwaka jana, moshi ukionekana mlimani, nilimwomba msamaha kwa uongo wa siku ile, jambo lililonikaba tangu utoto. Alicheka kidogo.

"Mwanangu, unadhani tulikuamini?" alisema. "Tulikuwa tumechoka. Ulitupa sababu ya kupumzika."

Nilimuuliza kama Paskalina anajua hivyo. Akasema Paskalina alikuwa pembeni yake siku ile, na ndiye pekee ambaye hakushusha tawi.