Mlango wa Tanuri

Shangazi hukaa kaunta, feni ikimpuliza usoni, akiwafungia wateja mikate. Ukimkuta pale utadhani kazaliwa hapo. Thubutu! Huyu alikuwa Mama Moto, mwokaji aliyesimama mbele ya mlango wa tanuri, joto linamvaa uso mzima, naye katulia kama anapiga soga na jirani dirishani. Saa hakuitazama. Shavu likianza kumchonyota kwa namna aliyoijua mwenyewe, mikate imeiva.

Enzi hizo wasichana wa mtaa walijaribu kila uchafu ili uso ung'ae. Walipaka chunusi dawa ya meno, wakaamka na vidonda. Walijisugua ndimu wakakaa juani, ngozi ikababuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Shangazi aliwacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha msusi wa jirani akamletea kopo lisilo na jina, mkorogo wa kung'arisha ngozi aliouchanganya mwenyewe, naye mcheka wenzake akapaka.

Aling'aa, tusimnyime haki yake. Watu waligeuza shingo barabarani. Lakini siku moja alifungua tanuri akaruka nyuma. Ngozi ilikuwa imekwisha, imebaki utando, na joto lilelile alilolizoea likamchoma kama chai ya moto. Akaanza kufungua mlango kageuza uso pembeni, mikate ikawa inaungua. Aliacha kupaka, ila ngozi haikurudi, na mwishowe akahamishiwa kaunta. Mpaka leo harufu ya mkate ikimfikia, roho inamuuma. Analitamani lile joto jamani, kama mtu anavyomtamani rafiki aliyehama.

Kilichomfariji ni binti wa kaka yake, aliyemfundisha kazi mwenyewe. "Achana na saa," alimwambia. "Lisikilize shavu lako." Na binti alikuwa nacho kipaji hicho, tena hasa.

Basi asubuhi moja, akiwa anarudisha chenji, Shangazi alitupa jicho ndani akamwona binti anafungua tanuri kageuza uso pembeni. Akamwacha mteja kasimama na mkono wazi.

"Unapaka nini?"

"Sipaki kitu, Shangazi."

"Mwanangu, sijakuuliza kama unapaka. Nimekuuliza unapaka nini."

Binti akainama. "Kikrimu tu cha kung'arisha. Rafiki yangu anaolewa, nikishapiga picha naacha."

"Mimi pia nilikuwa naacha," Shangazi akasema.

Hakugomba, yeye ambaye kwa kugomba hana mpinzani. Alitungua aproni yake ya zamani ukutani, akaifunga, akafungua mlango wa tanuri na kusimama mbele yake, uso wazi. Machozi yakamtoka papo hapo. Mashavu yakamwiva.

"Shangazi, toka, unaungua."

"Mikate imeiva?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui," akasema, na sasa alikuwa analia kweli, si kwa moto. "Zamani ningejua, mwanangu. Sikuwa na kingine cha kujivunia ila kipaji hicho, nikakipaka mkorogo."

Binti akamvuta kando, akaufunga mlango kwa kiuno. Akatoa kopo kwenye mkoba wake akalitupa pipani, katikati ya maganda ya mayai. Kwenye harusi alikwenda na uso wenye mabaka, na picha zote alisimama nyuma ya watu warefu.

Wiki zikapita, binti akioka kajifunga kitambaa kibichi usoni, na saa ya ukutani wakaitegemea wote wawili, aibu tupu. Halafu asubuhi moja Shangazi akatazama ndani: kitambaa kiko begani, na binti kasimama mbele ya mlango ulio wazi, katulia.

"Imeiva?" akamuuliza toka kaunta.

"Bado kidogo."

Hakutazama saa. Shangazi akanyoosha mkono akaizima feni, joto la ndani limfikie naye kidogo.