Pole, Mama, na Pigo la Sinia

Rahila, mjukuu wangu, umenichosha. Siku tatu unanifuata na daftari, "Bibi andika, Bibi andika," kana kwamba mie karani. Kuandika nimejifunza ukubwani, herufi zangu zinakwenda upande kama kaa, na miwani yenyewe imebaki mguu mmoja. Lakini umesema usipoelezwa sinia la nini, harusi yako utamleta mtu wa spika kutoka Wattaya na sinia hulitaki. Hulitaki! Haya, kaa usome.

Wa kuelezwa ni Mahbuba, si mie. Bibi huyo unayemwona kule Hail akichambua mchele na kuwagombeza paka, alizaliwa Pemba, na tangu mtoto alikuwa juu ya mikarafuu akichuma. Akichuma akiimba. Wachumaji wa shamba la pili walikuwa wakinyamaza wamsikilize, na msimamizi akawagombeza wao, yeye hamwambii kitu. Mwaka wa sitini na nne tulipoondoka, mama yake alibaki. Mahbuba akashika ukingo wa meli akaapa mbele yangu: "Wallahi, Kheiria, siimbi tena mpaka mama yangu awe mbele ya macho yangu."

Tukafika Matrah, huku Uarabuni. Tukafua nguo.

Palikuwa na nyumba waliyopanga Wazungu wa mafuta, na sie tukifua uani kwao, asubuhi tatu kwa wiki. Kaki! Suruali ya kaki ikisharowa ina uzito wa mbuzi. Miaka minne tulifua, na Mahbuba kinywa kimefungwa, hata kuvuma puani havumi.

Sasa mama yako, Nasriya, akaposwa. Mkwe mtarajiwa, Bi Sayyida, mwenyeji wa hapo hapo Matrah, akaniuliza kwa Kiarabu, mdomo kaukunja: "Nyie mliotoka Zanzibar, mna wimbo wenu wa kumtoa bibi harusi, au tuwaazime wetu?" Aniazime mie! Nikamwambia, "Tunao, na utausikia." Nikatoka pale mbio kwa Mahbuba.

"Shoga, niimbie."

"Nimeapa."

"Nitakupigia magoti."

"Piga. Sakafu hiyo nshaipiga deki."

Nikapiga. Hakuimba. Zikabaki siku kumi na mbili.

Mungu si Kheiria, Mungu hapigi magoti, yeye alimvunja mguu Mmarekani. Mzee mmoja mrefu, nywele rangi ya ukoko wa wali, kaanguka huko kwenye visima vyao, kaletwa pale nyumbani mguu umetiwa plasta, juu ya stuli. Hana la kufanya, akawa anapiga santuri. Ya rabbi, santuri zile! Kuna kitu kama gambusi, kinakwenda mbio kama kuku mia wanadonoa mchele juu ya bati. Kuna zeze linalia. Na mtu anaimba kwa pua, kama mwenye mafua aliyeachwa na mke.

Mpishi wa pale alikuwa Ishaq, Mngazija wa Malindi, na Kiingereza chake cha jikoni: yai, chumvi, kesho.

"Ishaq," nikamwita, "anasemaje huyo?"

"Anaimba."

"Mie kiziwi? Anasemaje?"

Ishaq akaenda kumuuliza mgonjwa. Yule mzee akanyoosha kidole chini, akafanya kama anachimba, akashika mgongo, akafuta jasho la uongo usoni. Ishaq akarudi na habari. "Maskini wa Mungu. Anachimba chini, mgongo unamuuma, na wanaomchimbisha hawamjali."

"Anachimba muhogo," akasema Mahbuba, bila kuinua kichwa.

Pale pale yule wa kwenye santuri akasema, kwa Kiswahili, wallahi kwa Kiswahili: "Pole, mama." Kisha tena. "Pole, mama. Pole, mama. Pole, mama." Haendi mbele harudi nyuma. Ishaq akaupiga mkono juu ya meza, paa! na wimbo ukaendelea na safari yake.

Mahbuba kasimama. Povu mpaka viwikoni, suruali ya kaki imening'inia mkononi inachuruzika miguuni mwake. "Kheiria," akasema, "anampa mama yake pole." Machozi yakamtoka, na huku anacheka, sijapata kuona mtu akifanya yote mawili kwa uso mmoja. Ishaq akarudisha santuri mwanzo. Ulipofika pale, Mahbuba akaitoa ile sauti. Ya Pemba. Miaka minne imo ndani! Mzee Mmarekani akawa anaigonga plasta yake kwa kijiko, anapiga ukelele "yihaa!" na mie nnarukaruka majini kama chura.

Kisha nikashika kinywa. "Shoga! Kiapo!"

"Kiapo gani? Nimeimba mie? Nimempa mama pole. Mtu huapa asiimbe, haapi asitoe pole."

"Basi kwenye harusi ya Nasriya..."

"Ntatoa pole," akasema. "Ntaitoa sana."

Siku ya siku tukafunga madirisha tukayatundika mablanketi, maana wakati ule ngoma ikisikika njiani huitiwa askari. Mahbuba akasimama katikati:

*Kaki haitaki sabuni, pole mama,*
*kidole chaniuma ncha, pole mama,*
*mwanao huku afua, pole mama...*

Na alipofika pale akakwama. Pole-mama, pole-mama, pole-mama! Sie wafuaji wote tukakwama naye, shingo zinakatika, kwani tulijua ndivyo wimbo ulivyo, mpaka Mngazija apige meza. Mngazija mwanamume, hayumo. Nikanyakua sinia la halua, paa! Tukaendelea.

Bi Sayyida macho yamemtoka. "Wimbo gani huu?"

"Wa Pemba," nikasema. "Wa kale sana."

"Na mbona unakwama?"

"Ndilo sharti lake."

"Hebu lete hilo sinia." Akalipiga yeye mara ya pili, na ya tatu, vikombe vya kahawa vinaruka, mpaka sinia likabonyea. Ndilo hilo la kabatini kwangu. Mama yako alitoka chumbani kwa pigo la mkwewe.

Sasa kaka yako Majid karudi kutoka Amerika na kanda. Kaniwekea wimbo wenyewe, unapita moja kwa moja, haukwami popote, na ati mtu hasemi "pole", anasema "kol", makaa ya mawe, na ile santuri ilikuwa na mkwaruzo. Nimemwambia, kanda yako mbovu. Maana kama ni makaa, Rahila, Mahbuba aliimba, na kiapo kilivunjika, na yeye mama yake hakumwona tena. Ni pole. Mie nilikuwepo.

Basi nimekuandikia, na wewe utanilipa hivi. Huyo wa spika mrudishe Wattaya. Kanda ya Majid ifungie, asiseme "kol" mbele ya Mahbuba. Kisha nenda Hail kamchukue mwenyewe, umweke mbele kabisa, na akikwama, sinia unapiga wewe. Kwa nguvu, mwana. Upande usiobonyea.