Barua Chini ya Maharagwe

Nyumbani kwa Mama Kyakimwa, Butembo, karatasi zote za maana zililala chini ya maharagwe. Vyeti vya ubatizo, cheti cha ndoa yake na marehemu mumewe, karatasi ya shamba, diploma za watoto: vyote vilifungwa katika kitambaa, vikalazwa chini kabisa ndani ya kikapu, na maharagwe yakamwagwa juu. Majirani walicheka. Mwanawe Valère, aliyesoma hadi chuo kikuu na sasa alifundisha sekondari huko Kirumba, alimnunulia sanduku la bati lenye kufuli. Mama alishukuru sana, akaweka ndani yake sukari.

Lakini tusimcheke upesi. Mwaka 1964, uhuru ukiwa bado mchanga, waasi waliingia Butembo wakitafuta watu wa karatasi: makarani, walimu, yeyote aliyeonekana amekaa meza moja na Wazungu. Baba yake Kyakimwa, Henri, alikuwa karani. Mama yake hakupoteza muda kuchimba shimo. Alizitia karatasi za mumewe chini ya kikapu cha maharagwe, akakiweka mlangoni, wazi, mbele ya macho ya kila mtu. Muasi mmoja alichota maharagwe kwa viganja vyake viwili, akaenda kuyapika. Hakufika chini. Henri alisema yeye ni mkulima tu, akaishi, akazeeka, akacheza na wajukuu. Kyakimwa, msichana mdogo aliyejibanza nyuma ya mlango, aliviona vile viganja vikiingia na kutoka. Tangu hapo hakuliamini kufuli lolote.

Sasa ulikuwa mwaka 1999, na waasi walikuwa wengine. Nchi ilikuwa imekatika vipande. Posta haikufanya kazi, simu zilikuwa zimekufa, na barua zilisafiri mifukoni mwa madereva wa malori. Ndivyo ilivyomfikia Valère barua yake. Chuo kikuu kimoja cha Kameruni kilimkubali aendelee na masomo ya juu baada ya licence, shahada yake ya kwanza, asome udongo wa milimani na namna ya kuuzuia usishuke na mvua. Kila kitu kingelipiwa na chuo. Mama Kyakimwa, ambaye maisha yake yote alilima mashamba yaliyotaka kuteremka bondeni, alimwomba mwanawe, aliyekuja nyumbani kumwonyesha barua, amsomee maneno hayo tena. Kisha akakaa chini, akalia kwa furaha bila kujificha.

Kupokelewa ni jambo moja, kufika ni jingine. Chini ya barua kulikuwa na kipande cha kukata, ambacho Valère alipaswa kukitia sahihi na kukirudisha kabla mwezi haujaisha, la sivyo nafasi yake ingepewa mtu mwingine. Tena ofisi ya waasi kule Beni haikutoa ruhusa ya kuvuka mpaka bila kuiona barua yenyewe, yenye muhuri wake. Na kabla ya hayo yote ilimbidi amwombe mkuu wake wa shule ruhusa, na atafute mwalimu wa kumwachia wanafunzi wake, maana yeye si mtu wa kutoroka darasa.

“Mama, mimi naenda kwanza Kirumba kuaga ku masomo,” alisema. “Nikirudia, nitatia signature na kuituma. Barua naachia weye. Uchunge muzuri.”

“Hapana ogopa, mutoto yangu,” alijibu mama.

Akaichunga vizuri kupita kiasi, na hapo ndipo balaa ilipoanzia. Kikapu cha zamani kilikuwa kimeingiliwa na wadudu, na mama hakutaka mdudu aionje barua ya mwanawe. Akaifunga peke yake katika kitambaa safi, akaitia katika kikapu kipya, chini ya maharagwe yaliyotoka kuvunwa wiki ile, mekundu na yenye kung’aa. Alijisifu mwenyewe kwa akili hiyo.

Jumapili ikawa siku ya kutoa malimbuko. Kwao, hakuna anayeonja mavuno mapya kabla ya kuyapeleka kwanza altareni. Na mwaka ule Mama Kyakimwa alikuwa na deni la shukrani lililomjaa hadi kooni. Angempa nani kikapu chenye wadudu? Mungu? Alikiinua kile kipya, akakifunga juu kwa majani ya mgomba, akakiweka kichwani, akaingia nacho kanisani akicheza. Watu walisema hawajamwona akicheza vile tangu arusi yake. Mikono ilipigwa, ngoma zililia, kikapu kikapokelewa. Akarudi nyumbani mwepesi, na kichwani mwake hamkuwa na kitu ila asante.

Valère aliporudi kutoka Kirumba na kuomba barua, mama alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya vikapu. Akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani, pale kilipokuwa kikapu kipya.

Valère hakupaza sauti. Alisema tu, “Hapana kitu, mama,” na akaanza kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Afadhali angefoka. Mama Kyakimwa aliona aibu iliyomshinda kuibeba, akatoka mbio kwenda parokiani, kitambaa cha kichwa kikimlegea njiani.

Padri alimwambia kwa huruma kwamba vikapu vyote vilikwisha kwenda Beni. Parokia ilikuwa imekubaliana kwamba malimbuko ya mwaka ule yapewe wafanyakazi wa Serikali waliokwama huko, watu waliotumwa kutoka mikoa mingine. Tangu vita vianze hawakuwa na mshahara wala njia ya kurudi kwao. Kila nyumba ilipewa kikapu kimoja, kama kilivyofungwa.

Valère alitaka kwenda yeye. Mama alikataa katakata.

“Weye uandike muhadhara ya bale batoto unaachia. Hii ni mimi nilipoteza, ni mimi nitatafuta.”

Alipanda lori la viazi, akakaa juu ya magunia, koti la marehemu mumewe likiwa limemfunika hadi magotini. Kwenye kila kizuizi askari waliuliza anakwenda kufanya nini Beni. Alijibu kwamba anakwenda kutafuta maharagwe. Wakacheka, wakamwacha apite. Hakuna askari anayeogopa mwanamke wa maharagwe, na jambo hilo Mama Kyakimwa alilijua tangu utoto wake.

Tuseme ukweli, watu wa Serikali hakuwapenda sana. Walikuja na Kilingala chao na viatu vyao vya kung’aa, wakapima mashamba ambayo mababu walishayapima kwa miguu, na wake zao, alivyoamini yeye, hawakujua jembe linashikwa upande gani. Sasa ilimbidi abishe hodi milangoni mwao kuomba kile alichokwisha kumtolea Mungu. Katika nyumba ya kwanza alishindwa kusema, akaomba maji ya kunywa tu. Katika ya pili alijikaza, akaeleza, na wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega. Lakini mmoja wao aliacha kucheka kabla ya wenzake.

“Mama, uende kwa Germaine, bibi ya Kalala, mupimaji ya mashamba. Yeye alisema eti mu kitunga yake ya maharagi mulikuwa mugeni.”

Nyumba ya Kalala na mkewe ilikuwa mwisho wa ua, chokaa ikibanduka ukutani. Mlangoni alikaa mwanamke mwembamba akishona kaptula ya mtoto iliyokwisha kushonwa mara nyingi. Aliinua macho, akamtazama mgeni, koti lake, vumbi lake, jinsi alivyosimama bila kujua pa kuweka mikono. Hakungoja aulizwe.

“Weye njo mama ya Valère?”

Mama Kyakimwa aliitikia kwa kichwa.

“Karibu, ingia. Tulisoma jina ku barua. Bwana yangu alitaka kuipa chauffeur mumoja ya lori, lakini mimi nilikataa. Nilimuambia, mama mwenye kuficha karatasi namna hii, hawezi kutuma mutu. Atakuja yeye mwenyewe.”

Akaingia ndani, akavuta kikapu kutoka chini ya kitanda. Mama Kyakimwa alikitambua kikapu chake, lakini kilikuwa karibu kitupu. Maharagwe yaliyobaki yalitosha tu kufunika sehemu ya chini. Germaine alitia mkono kwa uangalifu, akatoa kitambaa, kikiwa kimefungwa tena kwa fundo lilelile.

“Tulikula ya juu,” alisema Germaine, akionekana kuomba radhi. “Ile ya chini tuliacha, sababu barua ilikuwa inalala pale. Batoto balilia kidogo. Nikabaambia, pale hapana gusa.”

Mama Kyakimwa aliwatazama watoto waliosimama nyuma ya pazia. Wembamba wao haukuhitaji kuelezwa. Alijua vizuri maharagwe yale yangetosha mlo mwingine, na yule mama aliyekuwa akimdhania hajui jembe alikuwa amewanyima wanawe chakula ili karatasi ya mtoto asiyemjua isibaki wazi. Akauliza swali moja tu.

“Mama, weye ulikimbia vita gani?”

Germaine alikaa kitandani. “Ile ya Luluabourg, pale ya indépendance. Nilikuwa mutoto. Walitufukuza mule mu muji, eti siye bageni. Mama yangu alitia diplôme ya papa yangu mu bunga ya mihogo, akabeba ile bunga ku kichwa mupaka kwetu, kwa bababu. Tulikuwa na njaa, lakini ile bunga hapana mutu aliigusa.”

“Siye ilikuwa maharagi,” alisema Mama Kyakimwa.

“Ninaona,” alisema Germaine.

Hapo wakacheka, kisha wakaacha kucheka, na Mama Kyakimwa akamshika mikono yote miwili akamwambia “wasingya”, akarudia, kwa Kinande chake, maana asante ya lugha nyingine haikumtosha. Alilivua lile koti la marehemu mumewe, akaliacha juu ya kitanda. Germaine alilikataa, naye akajifanya hasikii.

Valère alitia sahihi siku ileile mama aliyorudi, juu ya meza yenye vumbi la safari yake. Kipande cha jibu kilikwenda na lori la Kasindi, kikavuka mpaka, na kikafika kabla mwezi haujaisha. Walijua kwa sababu dereva alileta neno la mdomo kutoka upande wa pili. Ofisi ya Beni nayo iliiona barua yenye muhuri, ikampa Valère ruhusa. Kikapu kingine kilikwenda Beni baada ya hapo, kimejaa hadi ukingoni, na safari hii Mama Kyakimwa alipekua chini kwanza. Vikapu viliendelea kwenda kila mavuno, hata vita vilipotulia na Kalala akapata mshahara wake.

Asubuhi Valère alipoondoka, ndugu na majirani walijaa uani. Mfuko wake ulikuwa tayari. Chini kabisa ndani yake, kama alivyofundishwa, alikuwa ameitandika barua, na juu yake ameweka maharagwe kidogo yaliyofungwa katika karatasi, ili kumfurahisha mama. Mama Kyakimwa aliufungua mfuko mbele ya watu wote. Akasogeza maharagwe, akaitoa barua, akainyoosha kwa kiganja. Njiani kulikuwa na vizuizi vilevile na askari walewale, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko yeye. Aliikunja mara moja, akaitia katika mfuko wa mbele wa shati la mwanawe, muhuri ukichungulia nje.

“Weka hapa,” alisema. “Batu baone.”