Rota Ndani ya Maharagwe ya Sadaka

Kabla sijaanza, naomba mtu yeyote asiniletee maharagwe hapa mezani, kwa maana mpaka leo nikiyaona nageuza uso. Aibu niliyoipata Eldoret siku ile niliipata mbele ya kanisa zima na nusu ya mji, na tangu hapo wako watu waliolisahau jina langu, Ogeto, wakaniita Rota, na mimi nikachoka kukasirika nikawa naitika.

Mambo yalikuwa hivi. Niliporudi kutoka vita vya Burma, ambako nilikuwa dereva wa lori la jeshi, niliandikwa kazi na mzungu mmoja mwenye kiwanda cha mbao pale mjini. Sisi tulimwita Bwana Mbio (mbele yake tulisema Bwana tu, hatukuwa wajinga). Bwana Mbio alikuwa na gari la mashindano, la kijani, viti viwili, halina paa, na lilikuwa likinguruma asubuhi mpaka mbwa wa mtaa mzima wanabweka. Kila kijana wa kizungu kuanzia Turbo mpaka Kapseret alilitaka gari lile, wengine walitaka kulinunua na wengine walitaka kuliiba, na mara mbili tulikuta kufuli ya banda imevunjwa. Mara ya pili Bwana aliniita akaniambia kwa kile Kiswahili chake, "Ogeto, hii gari napotea, wewe napotea pia." Hakuwa anatania. Siku hizo ukikosa kazi ulikosa nyumba, na ukikosa nyumba askari walikuondoa mjini na virago vyako, na mimi mke wangu Kerubo alikuwa na mimba kubwa, wa leo wa kesho.

Basi nikajifanya mjanja. Jeshini tulifundishwa kwamba ukiacha gari mahali pabaya unatoa rota, kile kidude kidogo cheusi kinachozunguka ndani ya kofia ya nyaya za plagi, kinaenea kiganjani kabisa, na bila hicho injini hata uipigie magoti haiwaki. Mashindano yalikuwa Jumamosi. Ijumaa mchana nikakitoa, nikakifunga kwenye kitambaa, nikaenda nyumbani nikakizamisha ndani ya debe la maharagwe lililokuwa chini ya kitanda, mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Nikasema moyoni, sasa njooni, wezi, muibe. Bwana sikumwambia, nilitaka nimrudishie asubuhi kimya kimya kabla hajakaa garini. Kerubo naye sikumwambia, kwa maana jeshini siri ilikuwa ya mtu mmoja (na Kerubo, ninavyompenda, habari haikai mdomoni mwake hata chai ikapoa).

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe. Sisi ni watu wa Sabato. Jumamosi hatufanyi kazi, hatuuzi, hatununui, hata chakula tunapika Ijumaa. Lakini Bwana Mbio hakuijua Sabato, alijua mashindano, na mimi sikuwa na uso wa kumwambia Kerubo kwamba nitashinda siku takatifu nikifuta gari vumbi. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nikajifunika blanketi nikawa mgonjwa. Nilitetemeka vizuri sana, nikaguna, meno yakagongana. Kerubo akanishika paji la uso, akasema pole baba, lala, tutakuombea. Wakaja akina mama wawili wa kanisa kumsaidia kubeba vitu, nikasikia kitu kinaburutwa chini ya kitanda, kruu, na mimi kwa vile nilikuwa nimefumba macho nikitetemeka, nikaendelea kutetemeka.

Walipoondoka nikaruka, nikavaa kanzu yangu nyeupe ya kazi na kofia, nikapiga magoti kutafuta debe. Debe hakuna. Nikachungulia nyuma ya mlango, nikachungulia jikoni, nikarudi nikachungulia tena chini ya kitanda kana kwamba debe la maharagwe lilikwenda kutembea likarudi. Ndipo nikakumbuka ile kruu, nikakumbuka pia kwamba siku ile ilikuwa siku ya sadaka ya mavuno. Nilijipiga kofi mwenyewe.

Na sasa huko nje, maana nyumba yetu ilikuwa ndani ya ua wa Bwana, yeye alikuwa tayari amekaa garini na miwani yake mikubwa na glavu, Memsahib mkewe pembeni na kofia ya manyoya, wageni wamesimama ua mzima na vikombe vya chai kutazama gari likiondoka. Akabonyeza. Gari likalia nyi-nyi-nyi-nyi, basi. Akabonyeza tena. Wageni wakaanza kutazamana.

"Ogeto! Kwa nini hii gari hapana waka?"

"Ni kitu kidogo tu, Bwana! Nakuja sasa hivi!" Nikakimbia, na kanzu nimeishika magotini.

Kanisa letu lilikuwa ng'ambo ya mto Sosiani, jumba la udongo na mabati. Nilipofika mlangoni wote walikuwa wamepiga magoti, na Mzee Onsongo, mzee wa kanisa, tena mjomba wake Kerubo, alikuwa amenyoosha mikono juu akiomba kwa sauti, "Mwinue mtumishi wako Ogeto kutoka kitandani, mrudishie nguvu za miguu!" Na mimi ndipo naingia, natiririka jasho, napumua kama maksai. Mama mmoja alipiga kelele, "Haleluya! Ameinuka!" wakaanza wimbo. Kila mtu alikuwa anafurahi isipokuwa Kerubo. Yeye hakunitazama usoni, alitazama ile kanzu ya kazi.

Nikamkaribia Mzee Onsongo nikamnong'oneza kwamba nina shida na debe letu. Akasema kwa sauti ya kanisa zima, "Debe gani, baba?" Nikageuka nikaona mbele, karibu na meza, maharagwe ya nyumba zote yamemwagwa pamoja juu ya mkeka, mlima mzima, mekundu, meupe, ya madoadoa. Ile homa ya uongo sasa ikawa ya haki.

"Mzee, kuna kitu changu ndani ya hayo maharagwe. Naomba niyachambue kidogo tu."

"Kuchambua maharagwe ni kazi. Leo ni Sabato. Rudi jua likizama."

"Mzee, jua likizama nitakuwa nimefukuzwa mjini! Si hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato anatolewa?"

"Huyo ni ng'ombe. Wewe umetumbukiza nini?"

Hapo ndipo ilibidi niseme. Nikasema yote, rota, wezi, mashindano, homa. Mzee Onsongo akafikiri, akajikuna ndevu, akatoa hukumu: hakuna mshirika atakayenisaidia hata kwa kidole, lakini kwa kuwa mimi Sabato nimeshaivunja tangu asubuhi, naweza kuendelea kuivunja peke yangu, na ibada haitanisubiri. Basi nikapiga magoti juu ya mkeka, mbele ya watu wote, nikachambua maharagwe huku mahubiri yakiendelea nyuma yangu, na mahubiri yenyewe aliyabadilisha papo hapo yakawa juu ya uongo. Watoto wa mstari wa mbele walikuwa wanacheka wakifinywa. Nilikasirika, wacha niseme ukweli, niliikasirikia Sabato, nikamkasirikia Bwana, nikamkasirikia Kerubo kwa ukarimu wake, na nilipokishika kile kitambaa mwishoni nilikuwa nimemaliza kuwakasirikia wote, nimebaki mimi.

Nikatoka mbio, na kanisa lote nyuma yangu (kutazama si kazi, alisema Mzee Onsongo). Tulipofika darajani tukakutana na gari. Lilikuwa linakuja polepole, likielekea mashindanoni, limefungwa mnyororo, likivutwa na maksai wanane wa Kaburu mmoja aliyekuwa akipita na magogo. Bwana Mbio alikuwa ameshika usukani, miwani bado machoni, anatazama mbele tu. Pande zote za barabara watu wanacheka, wazungu, Wahindi wa madukani, sisi sote. Nikainua rota juu.

"Nani natoa hii?" akauliza, sauti ya chini kabisa.

"Mimi, Bwana. Kwa sababu ya wezi."

Akavua miwani. "Ogeto, wewe kwisha. Leo toa vitu yako kwa nyumba."

Ndipo Kerubo akapita katikati ya watu na tumbo lake, akasimama mbele ya maksai. "Bwana, mimi mwenyewe nimemkasirikia, na nikifika nyumbani atanijua. Lakini huyu amenidanganya mimi mkewe, amemdanganya mjomba wangu, amedanganya kanisa zima, na yote ni juu ya gari yako. Mwingine kama huyu utamtoa wapi?"

Bwana alimtazama sana. Halafu akatazama rota, akatazama maksai, akaniuliza, "Hii mama nasema kweli?" Nikasema ndiyo. Akachukua rota kutoka mkononi mwangu, lakini hakunirudishia, tangu siku ile hajanirudishia mimi. Tulipoiweka gari likawaka, mashindano yakawa yameshakwisha, na jioni ile aliitoa tena akaenda nayo mwenyewe mpaka mlangoni pangu akampa Kerubo aitunze yeye.

Kwa hiyo kazi ilibaki, na nyumba ilibaki. Gari halikuibwa hata siku moja. Lakini mimi, dereva niliyefika Burma nikarudi, kila asubuhi nilisimama mlangoni kofia mkononi nikimwomba mke wangu rota, naye alinipa akimaliza kumnyonyesha mtoto, si kabla, huku Bwana anapiga honi. Siku ya Jumamosi hakutoa kabisa. Aliifunga kwenye kitambaa akaenda nayo kanisani, na Bwana Mbio alikwenda kwa miguu.